Kuvua na Kuvisha Tairi

Tairi la gari la porini, lile liandikwalo ubavuni 7.50-16, lina midomo miwili isiyotanuka. Ndani ya kila mdomo, chini ya mpira uwezao kubonyezwa kwa kidole, umepita mshipi wa nyuzi za chuma cha pua, na mshipi huo ulipimwa kiwandani uwe wa inchi 16, usizidi wala usipungue kadiri ya ukucha. Na rimu ambayo tairi hilo huvishwa ina kingo mbili zilizoinuka, kila moja ikiwa pana kuliko mdomo huo kwa zaidi ya inchi nzima. Mtu aliyesoma hesabu kidogo, akiletewa habari hii bila ya kuonyeshwa kitu chenyewe, atahukumu papo hapo kwamba tairi haliwezi kuingia, na kwamba likiwa limekwisha kuingia haliwezi kutoka, na katika hukumu yake hapatakuwa na kosa ila moja. Pamoja na hayo, kila siku ya Mungu, kando ya barabara za Makuyuni, Kibaigwa na Voi, mahali ambapo tairi kuukuu lililosimamishwa wima na ubao ulioandikwa PANCHA ndivyo dalili pekee za karakana, vijana waliopiga magoti vumbini huliingiza na kulitoa kwa vyuma vitatu na kipande cha sabuni.

Nami nilipata kuwa miongoni mwa mahakimu hao. Katika ujana wangu, nilipokuwa mwalimu, nilitumwa na ofisi moja, ambayo sina haja ya kuitaja kwa kuwa watu wake wa leo si wale wa siku zile, niende nikakague madarasa machache ya upande wa Loliondo. Nilipewa Land Rover ndefu, dereva mmoja mtu wa Kondoa, taniboi mmoja, ambaye kizazi cha sasa kingemwita utingo, na tairi moja la akiba lililokuwa kipara kama kichwa cha kadhi mzee. Nilipouliza sababu ya kutopewa la pili, karani wa bohari alinijibu kwamba tairi la pili limeandikwa kitabuni, na kilichoandikwa kitabuni kipo. Dereva hakusema neno. Alikwenda nyuma ya gari akahesabu vyuma vyake, akavifunga guniani, kisha akavuka barabara mpaka dukani akanunua mche mzima wa sabuni ya kufulia kwa fedha yake mwenyewe. Na mimi nikadhani kwamba ni mtu apendaye usafi.

Tulipita Mto wa Mbu, tukaupanda ukuta wa Bonde la Ufa, tukalala Karatu, na siku ya pili, baada ya kuuzunguka ukingo wa kreta ya Ngorongoro katika ukungu, tukateremka upande wa magharibi kuelekea tambarare za Serengeti. Waliopita njia ile hawahitaji kuelezwa. Vumbi lake ni majivu ya volkano za kale, laini kama unga uliochekechwa mara mbili. Juu ya majivu hayo magari yamechora matuta madogo madogo mfano wa bati la paa, ndani yake yamefichama mawe yenye makali, na panapoota miti, miti yenyewe ni migunga, ambayo mwiba wake mweupe waweza kupenya kwenye soli ya kiatu cha askari ukauliza habari za mguu. Asubuhi tairi la mbele la kushoto lilikata pumzi, tukalivua gurudumu zima, tukaweka la akiba. Na saa nane za mchana lile la akiba, ambalo kashata zake, kama mafundi waziitavyo zile nundu za mpira zishikazo ardhi, zilikuwa zimekwisha tangu utawala wa mkuu wa wilaya aliyetangulia, nalo likalala chini. Gari likasimama limeinama upande mmoja, na mbele yetu na nyuma yetu hapakuwa na kitu kirefu kuliko nyumbu.

Nilikuwa na nguvu siku zile, na saa ile sikuwa na kazi, mambo mawili ambayo yakikutana katika kijana mmoja hayakosi kumtia aibu. Nikamwomba dereva aniachie kazi ile. Akaniangalia, akaangalia jua, akasema, "Sawa, mwalimu, lakini kwanza tulilaze." Akafungua kofia ya valvu ya lile tairi la asubuhi, akang'oa na pini iliyo ndani yake, ili upepo utoke wote hata ule usiosikika, maana tairi linaloonekana limekufa aghalabu husalia na pumzi ya kutosha kumdhuru mwenye haraka. Kisha akalivuta gurudumu mpaka chini ya bampa, akalilaza, akasimamisha jeki juu ya ubavu wa tairi, karibu kabisa na ukingo wa rimu, akaanza kupandisha. Mdomo wa tairi lililotembea miezi mingi hushikana na rimu kwa kutu, matope na joto, hata ukadhani vilizaliwa pamoja, na wapo waupigao nyundo kutwa nzima bila ya faida. Yeye hakupiga. Aliuacha uzito wa gari utafute njia yake: jeki ilipanda, gari likakataa kuinuka, na mara, kwa sauti kama ya mtu aliyekohoa, tairi likashuka. Akalizungusha kidogo, akarudia, akalizungusha tena, mpaka mdomo wote ukawa umeachana na chuma.

Ndipo akanipa nyenzo, na mimi nikazichomeka mbili kwa mara moja, nikaweka kati yake upana wa dhiraa moja ili kazi iishe upesi, nikavuta. Mdomo uliinuka kidogo, ukasimama. Nikavuta kwa mwili mzima, nikiwa nimeegemeza miguu juu ya rimu kama mtu avutaye nanga iliyonasa mwambani, na nyenzo moja ikachomoka ikanigonga kidevu. Nikavuta tena. Taniboi alikuwa ameugeuza uso wake kuelekea upande wa kilima cha Naabi, kwa adabu.

"Mwalimu," akasema dereva, "unasukuma mlango wenye komeo kwa ndani. Fungua komeo kwanza."

Nikamwuliza komeo liko wapi, nikiinama kulitafuta pale penye mikono yangu. Naye akazunguka gurudumu, akasimama mkabala nami, akaweka mguu wake juu ya ubavu wa tairi, mahali palipokuwa mbali kuliko pote na nyenzo zangu, akakanyaga. "Liko huku," akasema. Nyenzo iliyokuwa imenishinda kwa nguvu zote nilizojaliwa ikaja mkononi mwangu kama kijiko kitokacho katika uji.

Sharti niieleze hila hii, kwa kuwa ndiyo roho ya ufundi wenyewe. Rimu ya gari la namna ile, ukiikata na kuitazama kwa ubavu, si bomba lililonyooka; katikati yake lazunguka bonde, mfereji mpana ulioshuka chini ya mahali pa kukalia midomo ya tairi. Midomo ikiwa imeketi kwenye mabega yaliyo kando ya bonde hilo, haina nafasi hata ya kupitisha karatasi, na ndiyo sababu gari hupinda kona bila ya kuvua viatu vyake. Lakini mdomo ukisukumwa upande mmoja ukatumbukia bondeni, upande wa pili hupata ulegevu, na ulegevu huo, japo ni kadiri ya vidole viwili, ndio utoshao kuuvusha mdomo juu ya ukingo uliokuwa muhali kuuvuka. Duara halikupanuka hata kwa unywele. Limehama tu kutoka katikati. Mwenye hesabu hakukosea kipimo: alikosea kudhani kwamba vitu viwili vya mviringo, kimoja ndani ya kingine, ni lazima viwe na kitovu kimoja.

Aliyeipata hila hii ni Mwingereza Charles Kingston Welch, mwaka 1890, na haki yake ameipata kidogo, maana watu humkumbuka zaidi John Boyd Dunlop, mganga wa mifugo wa Belfast, ambaye miaka 2 kabla yake aliifunga mipira ya upepo katika baiskeli ya magurudumu 3 ya mwanawe. Mpira wa Dunlop ulikuwa raha kwa mpandaji na msiba kwa mtengenezaji, kwa kuwa uligandishwa kwenye gurudumu kwa gundi na kufungwa kwa kitambaa, na mwiba mmoja uliomaanisha dakika za kuziba ulimaanisha pia saa nyingi za kubandua na kubandika. Ndugu wawili wa Clermont-Ferrand nchini Ufaransa, André na Édouard Michelin, walilijibu tatizo hilo kwa mpira ulioshikwa kwa skrubu, na mwaka 1891 Charles Terront aliupanda akashinda mashindano ya baiskeli ya kutoka Paris kwenda Brest na kurudi. Jibu lao lilishinda mbio; lakini la Welch, waya usiotanuka na bonde la kuupokea, halikuhitaji skrubu hata moja, na ndilo lililobaki. Land Rover ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, ilisimama juu ya bonde lile lile, na magari yazaliwayo leo yasimama juu yake pia. Kwangu mimi, kati ya kuufungia upepo ndani ya mpira na kuona kwamba kisichotanuka chaweza kuhamishwa, la pili ndilo gumu kuwaza.

Na labda si geni sana kwetu. Mama amvuaye mwanawe kanzu ya shingo finyu havuti juu tu kama ang'oaye muhogo. Humwambia mtoto alegeze bega la pili, kisha shingo hupita yenyewe. Mwamba ngoma naye, akiisha kukaza upande wa mashariki, haongezi hapo hapo hata ngozi ikamlilia, bali huvuka akaenda magharibi. Dereva wangu hakupata kumsikia Welch, wala hakuona haja. Alijua tu kwamba katika kazi ile mkono uonekanao kufanya kazi ni mtumishi wa mguu usioonekana.

Baada ya kuniaibisha kwa kiasi cha kutosha alinirudishia vyuma, akanifundisha. Nyenzo ziwe tatu: mbili za kushika kilichokwisha kupatikana, moja ya kwenda mbele. Kila hatua iwe upana wa vidole vitatu au vinne, si dhiraa kama nilivyotaka mimi, kwa sababu mroho wa nafasi huukunja ule mshipi wa nyuzi, na mshipi ukiisha kukunjika tairi halina dawa, hata likiwa na kashata mpya zinazong'aa. Anzia kuvua karibu na valvu, kwa kuwa shina la valvu husimama bondeni na kulizuia, na kwa hiyo ni aula valvu iwe upande wa nyenzo, bonde la mkabala likabaki tupu kupokea mdomo. Na wakati wa kuvisha, malizia pale pale ulipoanzia kuvua. Tena tazama rimu kabla ya kuilaza. Bonde halikupita katikati kabisa, limeegemea upande mmoja, na tairi hutoka na kuingia kwa upande ule ambao bonde liko karibu na ukingo. Taniboi alipata kuligeuza gurudumu kinyume, zamani, Singida, akatoka jasho toka alfajiri mpaka adhuhuri, na dereva akamwacha. "Nilitaka mikono yake ikumbuke," akaniambia, na taniboi akacheka kama mtu akumbukaye ugonjwa alioupona.

Kuhusu sabuni nilijifunza kwamba nilikuwa nimemdhania vibaya, au tuseme nimemdhania vizuri kwa sababu isiyo yake. Aliilowesha kwa maji kidogo ya chupa ya kunywa, akaupaka mdomo wa tairi na ukingo wa rimu. Nikamwuliza kwa nini asitumie grisi, iliyokuwapo tele katika mkebe. Akasema grisi na mafuta ya injini huteleza leo na kesho huula mpira, tena haviachi kuteleza hata pale unapotaka vishike. Ilhali sabuni huteleza ikiwa mbichi, na ikiisha kukauka husahau kwamba ilikuwa sabuni.

Tyubu ilipotoka hatukuwa na karai la maji la kuizamisha ili tuone mapovu. Aliijaza upepo, akalowesha midomo yake, akaipitisha mbele yake polepole, jirani kabisa na ngozi, macho ameyafumba, na sisi sote tukanyamaza, hata upepo wa tambarare nao ukawa kama umeombwa kungoja. Mahali fulani akatulia. Akatia alama kwa chaki, kisha, badala ya kushika kiraka kama nilivyotarajia, akailaza tyubu juu ya tairi, valvu mahali pa valvu, akaangalia ni sehemu gani ya tairi inayoelekeana na tundu, na mkabala wake pia, iwapo tyubu iligeuzwa. Hapo ndipo alipoingiza mkono uliofungwa kitambaa, akaupitisha ndani ya tairi kama tabibu anayetafuta uvimbe. Mwiba wa mgunga hukatika kwa nje ukabaki umejificha, ncha yake ikichungulia ndani kadiri ya punje ya mtama. Na fundi azibaye tyubu bila ya kuutafuta ameziba tundu la jana na kuliacha la kesho mahali pake. Kitambaa kilinasa. Aliutoa kwa koleo, akampa taniboi, naye akauchoma katika ukindu wa kofia yake, ambamo niliiona mingine mitano.

Ngozi ya tyubu aliikwaruza kwa kipande cha bati kilichotobolewa misumari, hata mng'ao ukaondoka, akapaka solusheni kwa wembamba, akakaa chini. Nikamwonyesha kiraka. Akatikisa kichwa. Kati ya makosa yote ya kazi hii, lililo la kawaida kuliko yote ni kubandika kiraka juu ya gundi mbichi, kwa kuwa akili ya mtu humwambia kwamba gundi hunata ikiwa majimaji. Kumbe ya mpira hunata ikiwa imekwisha kukauka, kiasi ambacho ukiigusa kwa mgongo wa kidole haikufuati. Tukangoja.

Katika kungoja kule nilimweleza kwamba nilizaliwa karibu na Muheza, na kwamba katika utoto wetu tulikata majeraha katika miti mikuu iliyoachwa mwituni ili tuyapate machozi yake tukafanyia mipira ya kuchezea. Miti hiyo, ambayo jamaa yake wa karibu ni muhogo tuulao, ilitoka Brazil. Wadachi waliipanda kwa maelfu, kisha mwaka 1913 mpira wa mashamba ya Malaya na Ceylon ulipolifurikia soko bei ikaanguka, na mashamba yakarudi kuwa pori. Vita vya pili vilipokuja, na Wajapani wakaitwaa Malaya mwaka 1942, miti ile ile iliyosahauliwa ikakumbukwa, na wazee wetu wakapelekwa kuigema. Dereva akasema kwamba babu wa mkewe alitoka Manyema, naye alikuwa hapendi kusikia neno mpira likitajwa nyumbani. Hakueleza zaidi, wala haikuhitaji. Kabla ya mashamba, mpira wa Afrika ulitoka katika mitambaazi ya misitu ya Kongo, ambayo Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliimiliki kama shamba lake mwenyewe toka 1885 hata 1908, na kila baiskeli iliyoteleza kwa raha katika njia za Ulaya iliongeza uzito wa kikapu ambacho mwanamume wa Kongo alitakiwa kukijaza ilhali mkewe yuko kifungoni kama rehani. Na walioshindwa walikatwa mikono. Siisifu kazi hii kwa kusahau jambo hilo. Nimepata kufikiri kwamba katika habari yote ndefu ya mpira, kutoka msituni mpaka barabarani, huyu azibaye pancha ndiye mtu wa kwanza ambaye hamwibii mtu.

Gundi ilipokauka, kiraka kilishuka mara moja na hakikuwa na haja ya kubembelezwa. Akakigonga kwa mpini wa nyundo kutoka katikati kwenda kando, akanyunyiza poda ndani ya tairi ili tyubu isigandame, akaijaza tyubu upepo mdogo tu, wa kuipa umbo, maana tyubu tupu hujikunja, na mkunjo ni pancha iliyoahirishwa. Mdomo wa kwanza uliingia kwa kukanyagwa tu. Wa pili niliuvisha mimi, kwa magoti upande mmoja na nyenzo upande mwingine, nikikaribia valvu kidogo kidogo. Na kila nilipobanwa nilitazama magoti yangu kabla ya kutazama mikono. Palipobaki shibiri moja dereva alinizuia, akaisukuma valvu ndani kwa kidole gumba ili tyubu isiwe chini ya mdomo, akaniachia. Shibiri ile iliruka mahali pake.

Tulipokezana pampu ya mkono. Akajaza, akautoa upepo wote, akajaza tena, kwa sababu ule wa kwanza huinyoosha tyubu na ule wa pili ndio wa safari. Akauangalia ule mstari mwembamba wa mpira uzungukao juu kidogo ya rimu: ukilingana pande zote, tairi limeketi, ukizama mahali, tairi lina kilema na litatikisa usukani. Hapo, katikati ya kupampu, nikamwuliza kwa nini aliacha malori, maana alikuwa amekwisha kunieleza kwamba alianza kazi kama taniboi wa malori ya njia ya Dodoma. Akaendelea kupampu kidogo. Rimu za malori, akasema, zile zenye ringi, hazina bonde. Tairi la lori ni gumu mno, halikubali kusukumwa bondeni, kwa hiyo ukingo mmoja wa rimu hutengenezwa uwe wa kutoka, na hushikwa kwa pete ya chuma iingiayo katika mfuo wake. Ni rahisi kuvua, hata mtoto aweza. Lakini pete ikiwa haikuingia sawasawa, au ina kutu, au mtu ameichanganya na ya rimu nyingine, upepo wa tairi la lori huisukuma kwa uzito wa tani nyingi, na siku itokapo hutoka yote kwa mara moja. Mwenye akili huifunga kwa mnyororo, na huilaza pete ikitazama ardhi. Aliyekuwa akipampu siku ile alikuwa rafiki yake, na pete ilikuwa inatazama juu. Sikumwuliza tena. Toka siku hiyo, kila nipitapo mahali wajazapo rimu za ringi, pamoja na zile za Land Cruiser ngumu za porini zilizo na mtindo huo huo, husimama mbali, na sioni haya kuwaambia vijana wahame mbele yake.

Miaka imepita, na katika miji mashine yenye mkono wa chuma hulishika gurudumu, ikalizungusha mara moja, na tairi likawa limevuka. Sina ugomvi nayo. Hata hivyo, ukiitazama kwa makini utaona kwamba anayeiendesha, kabla ya kukanyaga pedali, huubonyeza ubavu wa mkabala kwa kiganja chake ili uingie bondeni, na asipoubonyeza mashine huchana mdomo kwa adabu kubwa. Matairi yasiyo na tyubu nayo yameenea, na jamaa zetu walio Oman, waendao kucheza katika machuguu ya Sharqiyah, hupunguza upepo mpaka 15 ili tairi litambae juu ya mchanga. Na anapopinda kwa haraka mmoja wao, tairi legevu huachana na rimu, na bwana mwenye gari la fedha nyingi hujikuta amepiga magoti katika mchanga, akilizungushia mkanda wa kukazia mizigo ili midomo isukumwe kando iguse chuma na upepo upate pa kukaa, akitafuta maji ya sabuni mahali pasipo na maji.

Siku ile tambararani jua lilikuwa limekwisha kuelekea upande wa ziwa. Dereva alilipiga tairi kwa spana, akasikiliza, akaongeza mapigo kumi ya pampu, akalipiga tena, akaridhika kwamba ni upepo 25, na baadaye kipimo cha karakana ya Loliondo kilisema 26. Akalamba kidole cha shahada, akaipaka mate ncha ya valvu, akainama kutazama. Taniboi akainama, nami nikainama, vichwa vitatu juu ya kitone kimoja cha mate. Hakikuvimba. Akafunga kofia ya valvu, tukalifunga gurudumu, nati moja kisha ile inayoelekeana nayo, tukaliteremsha gari likasimama sawa.

Nikaanza kukusanya vyuma guniani. Dereva alikuwa amekwisha kulivingirisha lile kipara lililovuliwa, akalilaza mbele yangu, akang'oa pini ya valvu, akakata kipande kingine cha sabuni.

"Mbele kuna miiba zaidi," akasema. "Haya, mwalimu. Komeo liko wapi?"

Nikaziacha nyenzo pale zilipokuwa, nikazunguka upande wa pili, nikakanyaga.